Siku Alizokula Nyumbani

Mheshimiwa aliwahi kuwa waziri, na alipostaafu akaja kukaa Theta, aliamini nchi nzima inazisubiri shajara zake kwa hamu. Mimi nilikuwa na kaduka ka kuchapa na kutoa kopi huko Makongeni, akanichagua nimchapie. "Siri ikitoka, nitajua ni wewe," alinionya. Niliapa, huku roho ikinidunda kwa umbea.

Kila Jumamosi nilikaa mezani kwake na kompyuta yangu, mkewe, niliyemwita shosho kama bibi yangu, akituletea chai. Wanawe walinipigia simu kisirisiri, kila mmoja akitaka kujua kama ametajwa. Nilizitafuta siri za serikali hadi macho yakaniuma. Nilichokipata ni chakula. Mkutano uliotikisa nchi: "Mbuzi ameiva vizuri, ila ugali umeletwa baridi." Safari ya ng'ambo: "Supu nyepesi. Nimelala njaa." Yaani tuliongozwa na tumbo la mtu miaka yote hiyo!

Nilimsomea mkewe, maana macho yake yalikuwa yamefifia, naye alicheka kuliko mimi. Jumamosi moja akavuta kiti karibu yangu.

"Hebu nitafutie pale ameandika juu ya chakula yangu."

Nilifungua kitabu baada ya kitabu. Siku ambazo mzee alikuwa nyumbani, kurasa zilikuwa tupu. Krismasi, tupu. Pasaka, tupu. Nilitamani kumdanganya, lakini nikamwambia. Nilimkasirikia mzee yule, waziri au si waziri.

"Kwani mimi nilikuwa nakupikia mawe?" shosho akamwuliza mumewe alipoingia.

"Sasa si nilikuwa tu nyumbani," mzee akasema, na alishangaa kwelikweli. "Ningeandika nini na hakuna kitu imefanyika?"

Shosho alikusanya vikombe, hata changu kilichokuwa bado kimejaa, akaenda jikoni.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta shosho ananisubiri mlangoni, shajara mpya kwapani.

"Ameandika jana, na amekataa kunisomea. Wewe soma."

Mwandiko ulikuwa wa kutetemeka. Nikasoma: "Leo nimekula nyumbani. Githeri. Chumvi imezidi kidogo. Nimeomba niongezewe, mara mbili."

"Uongo!" shosho akasema. "Hiyo chumvi haikuwa imezidi hata kidogo."

Akashika ukingo wa mlango.

"Soma tena," akaniambia.