Kipenu cha Wakwe Zangu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kila nikiikumbuka huwa naacha ninachofanya. Mume wangu Zakaria alikuwa akipiga ukuta kwa sururu, matofali aliyoyachoma mwenyewe yakidondoka, huku analia waziwazi mbele ya majirani. Nimesikia unataka kuwaongezea wazazi wako chumba ubavuni mwa nyumba yako. Basi kaa kwanza, chai ipo.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, tulipotolewa milimani tukapangwa vijijini kando ya barabara, huku kwetu Kasulu. Nyumba ya wakwe zangu ilibaki kule juu na migomba yao, na umri haukuwaruhusu kuanza upya. Zakaria alikuwa seremala, mwana wao wa pekee, na alimpenda baba yake kupita kiasi. Akasema hawezi kuwajengea kibanda cha peke yao wapigwe na baridi. Atatoa kipenu kwenye nyumba yetu, chumba kimoja kizuri kilichoegemea ukuta wetu, chenye bati. Mlango wake akautoboa sebuleni, kama alivyoona kwenye nyumba za wenye maduka mjini.

"Wakikohoa tu, nitawasikia," aliniambia.

Mimi nilikandika kuta kwa mikono yangu, nikaona tumefanya jambo kubwa. Na lilikuwa kubwa, nisiseme uongo.

Wewe umekulia mjini, huenda hujui. Kwetu Waha, wakati ule, mkamwana na baba mkwe waliheshimiana kwa kukaa mbali. Jina lake sikulitaja hata siku moja. Nilimwita Data, yaani baba, na tukikutana uani nilimpisha nikiinamisha macho. Sasa mzee huyo, ili atoke kwenda chooni usiku, ilimbidi apite sebuleni, kando kabisa ya chumba nilicholala na mume wangu, chumba ambacho mlango wake ulikuwa pazia. Hatukuliwaza hilo, si mimi wala Zakaria.

Data hakusema neno. Alianza tu kurudisha uji wa jioni. Nilinuna, mwanangu, maana kupika najua. Nikazidisha maziwa, ukarudi. Nikasaga ulezi mwingine, ukarudi. Nikamwambia Zakaria, baba yako hanipendi, naye akasema ni uzee tu. Kumbe mzee alikuwa akijinyima hata maji tangu alasiri, ili usiku asipate haja ya kutoka. Alikonda, midomo ikampasuka. Mwishowe akawa anashika kiuno na kuguna, na daktari wa zahanati akatuambia mwili umekauka, figo zimechoka, anywe maji mengi. Data aliitikia vizuri, akarudi nyumbani, na hakunywa.

Ndipo mama mkwe akatuita. Alikuwa mpole mno, hata kuku alikuwa akiwafukuza kwa sauti ya chini. Siku hiyo alisimama.

"Zakaria, baba yako anakufa kwa kiu nyumbani mwako."

"Mama, maji si yapo?"

"Yapo. Na akiyanywa, apite wapi? Apite anapolala mkamwana wake? Ataona afadhali afe."

"Mbona hamkusema?"

"Alinikataza. Alisema mtoto amejitahidi, tusimvunje moyo. Na wewe, ulipojenga ulimwuliza nani? Uliwauliza mafundi, ukawauliza majirani. Sisi ulituonyesha chumba kimekwisha."

Zakaria alitoka nje. Alichukua sururu, na hiyo ndiyo siku niliyokuambia. Alitoboa mlango upande wa uani. Data alikuwa amekaa kitandani, vumbi limemjaa kichwani, akitazama.

"Taratibu, mwanangu, utaangusha bati," alisema.

Jioni aliomba maji mwenyewe, akanywa kata nzima. Nilijificha nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, nikidhani amepona. Lakini figo zilikuwa zimeshaharibika. Aliutumia ule mlango akiwa na fimbo, kisha akiwa ameshikwa mkono, na mvua ya kwanza haikumkuta.

Zakaria alizeeka na jambo hilo moyoni. Watu wakimsifu kwamba alikuwa mwana mwema, aliondoka barazani. Nami nitakuambia kweli, kuna siku hasira zangu humwendea Data mwenyewe. Kwa nini alijikaza kisabuni hivyo? Neno moja tu lingemponya. Kisha nakumbuka kwamba alinyamaza kwa upendo, na hapo ndipo inapouma zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujachimba msingi nenda ukawaulize. Uliza mlango uwe wapi, choo kiwe wapi, jiko la mama yako liwe wapi. Uliza tena, maana mara ya kwanza watakujibu popote ni sawa. Mama yako mwulize akiwa peke yake, kwa sababu kuna mambo baba yako hatayasema mbele yako. Na siku utakapoona chakula chao kinarudi, usinune kama mimi. Kaa chini ujue kwa nini.

Mungu akubariki kwa nia yako. Akujalie wazazi wako wazeeke ukiwaona, wale, wanywe, watoke na kuingia bila kumwonea mtu haya. Na uzee wako ukifika, akupe mtoto wa kukuuliza unataka nini.