Nilivyoachwa na Mashua Nikipatana Bei

Jioni ya leo imenigharimu dola sitini na nane, nimezihesabu mara mbili, na taa zenyewe nilizitazama nikiwa nchi kavu.

Mama mkwe alitutembelea Buffalo kutoka Columbus. Siku zote husema nina mkono wa birika, nami nikataka kulifuta jina hilo kwa kumpeleka na mashua mferejini, akaone sanaa ya taa za majira ya baridi. Nikalipia tiketi yake na ya mke wangu, wakapanda. Yangu nikaanza kuipatania bei.

“Papa Neema, lipa tu! Hapa haiko soko,” mke wangu akaita.

Mkata tiketi akatikisa kichwa. Basi nikafanya kama tunavyofanya sokoni kwetu Bukavu: nikampa mgongo, nikaondoka taratibu, nikingoja aniite. Hatua ya kumi na mbili nikasikia injini. Kugeuka, mashua inaondoka.

Nikabaki ukingoni, chini ya tao la taa za buluu. Mashua ilipopita ikirudi, abiria wakanipiga picha, wakidhani nami ni sehemu ya sanaa. Ndipo sauti ya mama mkwe ikavuka maji:

“Bon, ule si mukwe wangu? Tiketi moja tu imemushinda?”

Jamani, kesho nakula naye meza moja. Nimsalimieje?