Jina la Placide Bungeni

Colette Ngalula aliuza unga wa mahindi sokoni Kikula, mjini Likasi, na mezani pake ndipo wengi wetu tulipopitia kusikia habari za siasa. Alipompigia kampeni Adolphe Kilufya hakuwa ametumwa na chama. Adolphe alikuwa mtoto wa Élise, rafiki yake marehemu. Utotoni alikula kwa Colette karibu kila mchana, na sasa alikuwa kiongozi wa upinzani huko Kinshasa, mtu ambaye mawaziri walimwogopa.

Mume wa Colette, Placide Mutombo, alikuwa karani wa kampuni moja ya madini. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, na mwana akapanda mpaka ofisini. Alikuwa mtu wa shati jeupe na maneno machache. Kampuni ilipofungwa, wafanyakazi waliachwa bila pensheni. Placide alikaa nyumbani kwa muda, kisha akasema amepata ukarani kwenye depo upande wa Kakontwe. Kila asubuhi Colette alimpigia pasi shati, naye akaondoka.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, Colette alienda matangani huko Kakontwe. Akikata njia ya mtoni, aliwaona wanawake wameinama majini wakiosha madini yaliyochimbwa na vijana. Katikati yao alikuwa Placide, suruali imekunjwa mpaka magotini, beseni mikononi. Shati lake lilikuwa limetundikwa kichakani, mbali na matope. Colette alirudi nyuma kabla hajaonekana. Jioni mumewe alisimulia habari za ofisi, naye akamsikiliza mpaka mwisho.

Hakumwambia hata binti yao Jaël, aliyeolewa Kolwezi. Wa kwanza kumwambia akawa Adolphe.

Adolphe alimtembelea Jumapili moja baada ya misa, Placide akiwa bado kanisani na kwaya. Alisema atamuuliza Waziri Mkuu, mbele ya Bunge zima, kuhusu pensheni za wafanyakazi wa zamani.

"Mama, nataka nielewe vile bantu banaishi, kweli kweli."

Colette alilia kwanza, kisha akaeleza yote. "Sijamwambia muntu," alisema. "Baba Jaël akisikia, atakufa kwa aibu."

Adolphe akamshika mikono. "Mama, weye ulinilea. Hii ni siri ya minye na weye."

Siku ya maswali umeme ulikuwepo, na Georges kinyozi akaitoa televisheni yake nje. Watu walijaa. Placide hakwenda kazini. Alivaa kravati, akapewa kiti cha mbele, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyomlea mbunge.

"Leo Waziri Mkuu atatoka jasho," alimwambia Georges, akacheka. Hatukuzoea kumwona akicheka.

Adolphe alianza vizuri, kwa Kifaransa chake kizuri. Aliuliza pesa za wazee zilienda wapi, akauliza nani aliidhinisha kampuni ifungwe. Waziri Mkuu aliandika bila kuinua kichwa. Hapo Adolphe akaweka karatasi zake chini.

"Mheshimiwa Waziri Mkuu, nitakupa jina. Likasi, mtaa wa Kikula, yuko mzee anaitwa Placide Mutombo. Alikuwa karani. Leo anaosha madini mtoni katikati ya wanawake, na jioni anavaa shati safi ili mke wake asijue. Mke wake anajua! Aliniambia mwenyewe, akilia. Serikali yako ina neno gani la kumwambia baba huyu?"

Wabunge wa upinzani walisimama wakapiga makofi. Sasa Waziri Mkuu akainua kichwa, akasema ameguswa sana na kwamba tume itatumwa Likasi. Kwetu hakuna aliyepiga makofi. Georges alizima televisheni.

Placide alikuwa anatazama mikono yake.

"Mama Jaël, ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu mvua ya mwaka jana."

"Na kila siku nilikuwa nakuletea habari ya ofisi."

"Ndiyo."

"Na weye unaniuliza, 'Chef yako ya ofisi iko muzima?'"

Placide akasimama, akamshukuru Georges kwa kiti, akaenda zake peke yake.

Jioni Colette alihangaika na simu mpaka akampata Adolphe. Nyuma yake kulikuwa na vicheko na mlio wa glasi.

"Mama! Umeona? Bantu balilia! Kinshasa yote inasema juu yenu!"

"Uliniambia ni siri ya minye na weye."

"Mama, bila jina bangesema naongopa. Nilifanya kwa ajili ya bazee bote."

"Ungemuuliza Baba Jaël."

"Angekataa, mama."

Hapo Colette akaelewa kwamba Adolphe alilijua hilo tangu siku ile alipomshika mikono.

Tume haikuja. Walikuja waandishi wa habari na kamera zao, wakitaka waonyeshwe mto. Miezi michache baadaye upinzani na serikali walipatana, na tukamwona Adolphe, waziri mpya, akicheka bega kwa bega na Waziri Mkuu yule yule.

Placide alihamia Kakanda, mji mwingine wa migodi, akapanga chumba na wanaume wengine. Anaosha madini huko, wala hamfichi mtu. Jumapili huja kusali na kula.

Jumapili moja Colette alimpakulia bukari ya unga wake wa mahindi na samaki wa mto Lufira, kisha akapiga magoti kando ya meza. "Baba Jaël, unisamehe. Yule mutoto alinidanganya."

"Adolphe ni muntu wa siasa," Placide alisema. "Minye sina neno naye. Lakini weye njo bibi yangu."

Akamwinua kwa upole, akamaliza chakula chake. Alipomaliza, alimshukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji, akachukua mfuko wake, akatoka kutafuta gari la Kakanda kabla mvua haijanyesha.