Mikono Miwili ya Kushoto

Bi Mkasi alikuwa fundi wa nguo kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia hata kola. Sasa huyo ndiye aliyekata koti la mwalimu mkuu likatoka na mikono miwili, yote ya kushoto.

Mara ya kwanza walicheka, yeye na mdogo wake mshona vifungo. Mara ya tatu hakucheka mtu. Kichwa kilikuwa kinamuuma kila asubuhi, akitoka nje bega linagonga mlango, na maneno yanampotea mdomoni.

Jirani muuza vyombo akapata la kusema. "Anapiga mtungi huyo." Mwanamke ambaye hata soda haimalizi! Mtaa mzima ukaamini. Mwalimu mkuu akaja kuchukua vitambaa vya sare za shule alivyokuwa amempa ashone, bila hata kuuliza hali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa waliwahesabu kunguni wakiwa mlangoni.

Daktari wa zahanati naye hakuinua macho. "Mawazo tu, mama. Pumzika." Akamwandikia vitamini. Miezi minne ya vitamini! Inaudhi hata kusimulia.

Mpaka alipoangukia cherehani ndipo akapelekwa hospitali kubwa. Wakampiga picha ya kichwa, wakatoa kipande cha uvimbe kupimwa. Daktari bingwa alivuta kiti akakaa.

"Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile ziitwazo seli T. Kuanzia kwenye ubongo ni nadra mno. Mimi mwenyewe naiona mara ya kwanza."

"Inatibika?"

"Tutaanza dawa Jumatatu. Ungefika mapema ningekuahidi zaidi."

"Nilifika mapema, daktari. Nikapewa vitamini."

Akaomba ruhusa ya siku mbili nyumbani. Ndugu walidhani anakwenda kuaga. Wapi! Alitaka jina lake. Alimtajia mdogo wake maneno ya kuandika kwenye kadibodi, akisahau, akirudia: BI MKASI SI MLEVI. ANA SARATANI YA UBONGO. Wakaitundika kwenye mlango wa duka lake, wakakaa ndani kusikiliza.

Wa kwanza kusimama alikuwa muuza vyombo. Alisoma kwa sauti mpaka mwisho, akaguna.

"Maskini! Kumbe mgonjwa," akasema. Kisha akagonga mlango. "Hodi humo ndani! Sasa gauni langu nani atalimalizia?"