Mawese Ndani ya Kamera

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile niliyoipaka kamera yangu mawese. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona hapa Matema na kamera ya zamani shingoni, ile ya mkanda, mtindo wenu mpya vijana. Ulikuwa unaminya kitufe hakiitiki, na mkono wa pili umeshika kichupa cha mafuta ya cherehani. Nilitaka kupiga kelele. Nikajizuia, maana mzee akipiga kelele ufukweni watu hudhani ameona mamba. Basi leo kaa, weka hicho kichupa chini, unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga picha wa Mbugani, pale Kyela mjini, mwenye kamera moja, suti moja, na majivuno ya kuwatosha watu wanne. Dada yangu Tumpe alikuwa anaolewa Tukuyu Jumamosi. Mama yetu kule Ngonga mguu ulikuwa umemvimba, hawezi hata kufika barabarani, sembuse kupanda gari la milimani. Alinishika mkono akaniita baba kwa Kinyakyusa, kama alivyopenda.

"Tata, mimi siendi. Niletee Tumpe akiwa na shela, nimwone."

"Mama, hilo limekwisha," nikajibu, na kidevu juu.

Alhamisi, shata ikaanza kukwama. Shata, mwanangu, ni vile vibati vyembamba ndani ya lenzi vinavyofunguka na kufunga haraka kuliko kope, mwanga uingie kidogo tu kwenye mkanda. Vyangu vilifunguka kwa uvivu, vikafunga vinapojisikia. Nikaenda kwa Mzee Asajile, fundi saa, aliyekuwa na meza yake karibu na duka la vitenge. Akaiweka kamera sikioni, akaminya kitufe, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Ina uchafu. Niachie mpaka kesho jioni, nitaiosha kwa petroli."

Nikacheka! Kuosha kamera kwa petroli, nikamwuliza, yeye anadhani ni pikipiki? Nikamnyang'anya kamera yangu. Mzee wa watu alirudisha tu miwani yake puani na kuendelea na saa ya mtu.

Nyumbani kwetu Ngonga kila kitu kilicholia kilipakwa mawese. Bawaba ya mlango, mawese. Baiskeli ya marehemu baba, mawese. Mtoto mwenye ngozi kavu, mawese. Na mboga, bila shaka, mawese. Nikachukua chupa ya mama, nikachovya unyoya wa kuku, nikavipaka vile vibati taratibu kabisa, nikijiona daktari wa macho. Nikaminya. Kla! Nikaminya tena. Kla! Shata ilicheza vizuri kuliko siku niliyoinunua. Ijumaa nilipita makusudi mbele ya Mzee Asajile nikiminya kitufe, kla, kla, kla, asikie vizuri.

Sasa wewe umezaliwa Kyela, joto unalijua. Chupa ya mawese hapa ukiinamisha, yanamwagika. Lakini Tukuyu ni Tukuyu. Jumamosi ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya kanisa, watu wamevaa makoti juu ya nguo za harusi, na meno yangu yanagongana ndani ya suti. Bwana harusi akamvisha Tumpe pete. Nikasogea, nikalenga, nikaminya.

Kimya.

Nikaminya tena. Kimya. Mwanangu, hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Jamani, subirini, kamera imegoma." Kanisa zima lilikuwa linanitazama, wakwe wapya wote, na mimi nimetoka kujitambulisha kama mpiga picha mashuhuri wa Mbugani. Nikaminya mara ya tatu, na mlio nikautoa mwenyewe, kwa ulimi. Kla!

Watu wakatabasamu. Nikavuta mkanda kama kawaida, nikasogea upande wa pili. Kla! Nilipiga pete kwa ulimi. Nilipiga mchungaji, nilipiga kwaya, nilipiga keki na aliyeikata. Nje nikawapanga wazee kwa urefu, nikawaambia wasipepese macho, halafu kla. Ulimi ulianza kuchoka. Moyoni nilikuwa nalia, maana kila kla moja nilimwona mama amekaa barazani na mguu wake juu ya kigoda, anasubiri.

Bibi yake bwana harusi alikuwa amekaa kitini mstari wa mbele. Macho yake yalishakwenda na uzee, lakini masikio, mwanangu, masikio yale yangesikia mchwa akitafuna. Nilipompiga akanipungia mkono nisogee.

"Mjukuu," akasema polepole, "mbona kamera yako ina mate?"

Nilitamani ardhi inimeze na suti yangu. Akaipapasa kamera, akaileta puani, akavuta pumzi.

"Na inanuka mboga. Umeitia nini?"

"Mawese, bibi," nikanong'ona.

Bibi yule alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Mawese ya kwenu yakifika huku yanaganda. Sisi chupa tunaiweka kwanza karibu na moto. Kwa hiyo tangu kanisani hujapiga hata moja?"

"Hata moja. Na mama yangu ni mgonjwa, ananisubiri na picha ya Tumpe."

"Basi sema. Nenda ukawaambie mwenyewe, mimi nakwenda kuipasha."

Akaichukua, akaongozwa jikoni kwa wanawake waliokuwa wanapika, akaifunika kwa khanga na kukaa nayo jirani na mafiga. Mimi nikapanda juu ya benchi. Sijawahi kupanda mlima mrefu kama benchi lile. Nikasema yote: mawese, unyoya, ulimi. Wajomba wa bwana harusi waliguna. Mmoja aliuliza kama nimelewa. Tumpe hakuguna wala hakunitukana, aliuliza tu, "Na mama je?" Swali lile liliniuma kuliko kofi.

Jikoni kukasikika kla. Ya kweli. Bibi alikuwa ameijaribu mwenyewe.

Mkanda ulikuwa umebakiwa na picha nane tu, nyingine zote nilizivuta kwa maonyesho. Tukarudi kanisani tukikimbia, kabla kamera haijapoa. Mchungaji alikuwa ameshavua joho, akalivaa tena huku akionya kwamba mara ya pili hahubiri. Pete ikavuliwa ikavishwa upya. Bwana harusi alikuwa na punje za pilau kwenye tai. Katikati ya picha moja na nyingine niliikumbatia kamera kifuani ndani ya koti, wenyeji wakaniambia nimekuwa mama mwenye kichanga.

Jumatatu nilisafisha mkanda ule. Mafuta yaliyoyeyuka yalikuwa yametambaa mpaka kwenye kioo cha lenzi, hivyo picha zote zilitoka na utando. Tatu ndizo zilizoonyesha sura. Nikaenda kwa Mzee Asajile nimeinamisha kichwa. Alifungua kamera, akanusa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Uliikaanga kwa vitunguu au bila?" Kisha akaviosha vile vibati kwa petroli, kidogo kidogo, kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti. Akaviacha vikauke. Hakutia tone la mafuta. Vibati hivi hufanya kazi vikiwa vikavu, akaniambia, na angeniambia tangu Alhamisi kama ningefunga mdomo.

Jumanne nikampelekea mama picha. Aliisogeza kwenye mwanga, akaichunguza kona hadi kona.

"Ndaga, Tata, asante," akasema. "Kumbe Tukuyu ukungu unaingia mpaka kanisani."

Ningeweza kunyamaza. Ukungu ule ulikuwa zawadi kwa mwongo kama mimi. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamweleza ni mawese yake. Mama alicheka, akafuta machozi kwa pembe ya kitenge, akaibusu sura ya Tumpe palepale kwenye utando. Nilimpenda mama yangu siku ile kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Basi, mwanangu, sikiliza. Kitu kikikwama mkononi mwako, kisafishe kwanza kabla ya kukipaka chochote. Fundi akikwambia jambo, mwache amalize sentensi, hata kama meza yake ni ndogo na suti yako ni mpya. Na likikushinda, sema limekushinda wakati bibi harusi bado amevaa shela, mkanda haujaisha, na kuna mtu wa kukusaidia kulipasha moto.

Mungu akupe mikono mitulivu na macho ya kuona uchafu ulipo. Akuzungushie watu wanaocheka bila kukutupa. Na ulimi wako, mwanangu, aubariki uwe ulimi tu, usilazimike hata siku moja kuwa kamera.