Bila Jina wa Ghorofa ya Tatu

Sevugan alihudhuria mikutano yetu kumi bila kutamka neno zaidi ya "asante". Najua idadi hiyo kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu, na mtu akikaa kimya mbele yangu naanza kumhesabia.

Tulikutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi alasiri, juu kwa Thangapandi, katika chumba anachofundishia tuisheni hapa Madurai, kusini mwa India. Thangapandi anaandika blogu ya filamu za zamani, na kwa kuwa ndiye aliyetukusanya, alijipa uenyekiti na hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa watu kama ishirini. Desturi ilikuwa moja: ukiingia unasimama na kutaja jina la blogu yako. Jina ulilopewa na wazazi linasubiri kahawa. Tulijuana kwa maandishi kwanza, sura zikafuata, na raha yote ilikuwa kumkodolea mtu macho na kusema, "Kumbe ndiye wewe! Mbona kwenye blogu ni mrefu?"

Siku ya kwanza zamu ilipomfikia Sevugan, alikutanisha viganja kifuani kwa heshima, akatabasamu, akakaa. Thangapandi akadhani ana haya, akamruka. Mwezi uliofuata akamruka tena, na kuanzia hapo ikawa mazoea. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola, na kiti chake kilikuwa cha mwisho karibu na mlango. Wengi tulimjua kwa sura. Miaka thelathini alikuwa mwendesha lifti katika duka la nguo la ghorofa nne, yule anayekuuliza "Ya ngapi, mama?" kisha anatazama namba juu ya mlango huku umbea wako wote ukipita masikioni mwake.

"Huyu ana blogu ya siri," alininong'oneza Umapathi, mshairi wetu kijana. "Ya mambo ya mapenzi. Wakimya ndio wabaya, Mwalimu."

"Wewe unayepiga kelele una nini?"

"Mimi nina vipaji."

Sevugan aliondoka kila mara kabla ya kahawa, akichukua bhajia mbili alizozifunga kwenye karatasi. Mbili, si moja wala tatu. Nilishangaa zile mbili ni za nani, lakini sikuuliza.

Miezi hiyohiyo ndiyo aliyotuzukia Bila Jina. Lazima niseme ukweli kuhusu maoni tuliyokuwa tukiandikiana chini ya makala zetu: tulisifiana kama wakwe. "Hongera sana dada!" "Kalamu yako imebarikiwa!" Mimi nakusifu leo, wewe unanisifu kesho. Halafu jioni moja, chini ya shairi ambalo Umapathi alidai ameliandika alfajiri kando ya mto Vaigai, mtu asiye na jina akaandika: "Uongo. Anayeamka alfajiri hapigi miayo saa kumi."

Umapathi alinipigia simu akihema. Alikuwa amepiga miayo mkutanoni siku ileile. Maana yake Bila Jina alikuwa mmoja wetu.

Hapo udadisi ukatuingia kama upele. Kila mtu akawa anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Bila Jina alimwambia Thangapandi kwamba filamu aliyoisifu hakuitazama hadi mwisho, na kweli hakuitazama. Umapathi alipoandika shairi jingine, la mapenzi safari hii, alijibiwa, "Uongo. Bado hujapendwa. Rudia," akafunga blogu mwezi mzima. Mimi nilicheka sana. Nilicheka mpaka ilipofika zamu yangu.

Nilikuwa nimeandika kuhusu mama mkwe wangu aliyefariki mwaka uliotangulia. Nikaeleza jinsi, siku chache kabla ya kuondoka, alivyonishika mkono jikoni akanifundisha mchuzi wake wa samaki wa ukwaju, sote wawili tukilia, na nikaweka vipimo vyote hadi nusu kijiko cha chumvi. Watu kumi na tisa walinipa pole. Wa ishirini akaandika: "Uongo. Aliyelia hakumbuki chumvi ilikuwa kiasi gani."

Nilizima kompyuta. Uso uliniwaka kama niliyepigwa kofi, na nilipandwa na hasira ya mtu aliyeshikwa, maana hakukuwa na jikoni wala mkono. Mimi na mama mkwe tuligombana miaka tisa, na wiki aliyofariki nilikuwa kwa dada yangu, nimesusa. Mchuzi ule niliupata kwa jirani. Nikaapa nitamjua Bila Jina ni nani.

Mtego niliuweka mkutano uliofuata. Nilivaa sari ya kijani, na nilipofika nyumbani nikaandika kwenye blogu kwamba leo nilitokea na sari yangu nyekundu. Saa moja haikuisha. "Uongo. Ilikuwa ya kijani, na pindo limefumuka kushoto." Nikainua pindo. Limefumuka kushoto. Nikapiga simu nyumba hadi nyumba kuuliza, na wote walikuwa bado kwa Thangapandi wakinywa kahawa. Ukiniacha mimi, aliyekuwa ameondoka mapema alikuwa mmoja tu, mwenye bhajia zake mbili.

Mkutano wa kumi na mmoja, zamu ilipofika kwenye kiti cha mwisho na Thangapandi akataka kuruka, nikasimama.

"Mwenyekiti, leo haturuki mtu. Mzee Sevugan, taja blogu yako."

Alisimama polepole. "Sina, Mwalimu."

"Huna blogu? Mwaka mzima unakaa hapa na huna blogu?"

"Sina."

"Basi wewe ndiye Bila Jina."

Alifikiri kidogo, kama aliyeulizwa ghorofa ambayo haipo. "Nusu," akasema. "Vidole ni vyangu. Maneno ni ya mke wangu."

Chumba kilivurugika. Umapathi alikuwa ameruka juu ya kiti. "Mke wako amenijulia wapi mimi sijapendwa?"

"Nilimweleza ulivyo," Sevugan akajibu kwa heshima zote.

"Na mbona mnajificha?" nikauliza. "Mbona hamuweki jina?"

"Hapa wanaotaja majina ni wenye blogu, Mwalimu. Sisi hatuna. Na pale pa kuandikia maoni nimekuta pameandikwa bila jina. Nikajua hapo ndipo petu."

Hilo lilinichoma zaidi. Thangapandi akakohoa kimwenyekiti, akasema kikao hiki ni cha wanablogu, na asiye na blogu, kwa kanuni, hana kiti. Sevugan akakutanisha viganja kifuani, akatuomba radhi mmoja mmoja kwa macho, akatoka. Siku hiyo hakuchukua bhajia. Chini ya kiti aliacha faili la plastiki.

Nililibeba mimi, kwa udadisi tu, sitajipamba. Ndani mlikuwa na makala zetu zote za mwaka, zimechapwa, kila karatasi ina mhuri wa duka la intaneti la mtaa wa nyuma ya soko la maua, zimeshonwa pembeni kwa uzi wa cherehani. Pembezoni palikuwa na mwandiko mdogo wa penseli. "Kweli." "Uongo." "Hapa alicheka mwenyewe." "Hapa alikuwa na njaa." Nikatafuta makala yangu ya mchuzi. Palikuwa na "Uongo", na chini yake neno ambalo halikutumwa: "Maskini." Sikulala vizuri kwa sababu ya neno hilo.

Jumamosi nikaenda kulirudisha. Mwenye duka la intaneti akanielekeza nyumba ya pili, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba kiasi cha kupanda kwa ubavu. Sevugan alifungua mlango, akaniona, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni.

"Ni nani?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani.

"Mwalimu Valli."

"Mwenye sari ya kijani? Mlete! Nataka kuona pindo."

Rasathi alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha, penseli imechomekwa nyweleni. Alianguka darini akianua nguo miaka kumi na moja iliyopita, mgongo ukakataa, na ngazi zile hazipitishi mtu aliyebebwa. Aliniangalia toka kichwani hadi miguuni kama anayekagua mtihani.

"Nilidhani ni mnene," akamwambia mumewe. "Uliniambia anaongea kama mnene."

"Nilisema anakaa kama mnene."

"Haya, kaa, mwanangu. Asumini hizo nyweleni mwako umenunua za jana, zimeanza kunyauka, wamekuibia."

Nikakaa. Nikamuuliza lile lililokuwa likinikera tangu mwanzo: kwa nini anatufuatilia?

"Miaka yote ya lifti, huyu alikuwa akiniletea watu," akasema. "Bibi harusi aliyenuna ghorofa ya pili, wakwe waliogombana ya tatu. Jioni nilikuwa na mji mzima hapa kitandani. Akastaafu. Akakaa hapo kwenye kiti ananitazama na mimi namtazama. Tungeuana, mwanangu. Ndipo alipoona watu wa Madurai wanaandika maisha yao kwenye kompyuta. Nikasoma, nikasema hawa wengine wanatudanganya. Nenda ukawaone. Angalia viatu, angalia nani anakula ya mwenzake. Kisha uje."

"Na bhajia?"

"Moja yake, moja yangu. Nami nihudhurie kidogo." Alicheka, kisha akaacha. "Mkimfukuza yeye, mnanifungia mlango mimi. Sina mwingine. Lakini sitakuomba kwa kusema mnaandika vizuri, kwa sababu hamwandiki vizuri."

Niliposimama kuaga akanishika mkono. "Yule mama mkwe. Hukuwepo, sivyo?"

"Sikuwepo."

"Mlikuwa mmegombana."

Nililia pale mbele ya watu nisiowajua, kwa sauti, mimi ninayewaliza wengine kwa sehemu na asilimia. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize. "Andika hiyo," akasema.

Niliiandika wiki nzima. Niliandika ugomvi, jinsi nilivyosusa, simu ya alfajiri niliyoiacha ikiita, na jirani aliyenipa mchuzi kwa kunionea huruma. Vipimo sikuweka. Nilipoituma, walionipa hongera walikuwa wawili tu. Wengine walikaa kimya, nadhani waliona aibu kwa niaba yangu.

Kisha nikamwendea Thangapandi.

"Kanuni ni kanuni, Mwalimu."

"Uliiandika wapi?"

"Sikuiandika popote."

"Mwezi huu umepata maoni mangapi yasiyo ya hongera?"

Akafungua kompyuta, akatazama, akafunga. Kumbe naye alikuwa akimsubiri Bila Jina kila jioni.

Mkutano wa kumi na mbili, mimi mwenyewe nilipanda zile ngazi nikamleta Sevugan, na njia nzima hakuacha kusugua vumbi la viatu vyake. Watu walitaja blogu zao mmoja baada ya mwingine, na zamu ikafika kiti cha mwisho. Thangapandi hakuruka. Sevugan akasimama, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua.

"Blogu hatuna," akasoma. "Sisi ni wasomaji. Mimi naitwa Rasathi, na huyu aliyesimama ni mume wangu. Thangapandi, ile filamu sasa umeitazama yote, nimekuamini. Umapathi, bado uongo, lakini wa kupendeza zaidi."

Watu waliangua kicheko, na Umapathi ndiye aliyecheka zaidi. Sevugan akasubiri kitulie.

"Mwalimu Valli," akasoma. "Kweli. Na chumvi umeisahau."

Akaikunja karatasi na kukaa. Thangapandi akaniuliza kama naweza kuanza kugawa kahawa. Niliinuka, nikaanzia kiti cha mwisho.