Swali la Nyutroni

Mimi ni mkali, sifichi. Miaka yote niliyofundisha fizikia hapa Kibaha, darasa likiwa kimya nilijua nimefundisha vizuri. Nikimaliza mada nauliza, "Kuna swali?" Wanaitikia, "Hapana, mwalimu!" Basi, nafuta ubao, natoka.

Siku hiyo kidato cha pili tulikuwa kwenye sumaku. Nikasema usumaku unatokana na chaji inayotembea, na kwa kuwa nyutroni haina chaji, haina usumaku. Nikapigia mstari. Kuna swali? Binti mmoja akanyoosha mkono. Kwao Kibuta, huku alikuwa anakaa hosteli. Mpole, lakini kichwani yuko vizuri.

"Mwalimu, nimesoma kwamba kuna nyota zimejaa nyutroni, na usumaku wake unashinda sumaku zote za duniani. Unatoka wapi?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Badala ya kusema hivyo nikafoka, "Wewe umekuja kusoma au kunipima? Simama huko nyuma mpaka kipindi kiishe!" Wenzake wakacheka. Alisimama mikono nyuma, anaangalia viatu vyake.

Jioni ileile nilishika simu nimtafutie kosa. Nikakuta kosa ni langu. Ndani ya nyutroni kuna chembe ndogo zaidi zenye chaji, nyingine chanya, nyingine hasi. Ukizijumlisha chaji unapata sifuri, ila usumaku wake haufutiki. Na nyota zile si nyutroni tupu. Humo zimebaki protoni na elektroni, na mwendo wake unatunza usumaku. Nyota kubwa kuliko jua inaporomoka, kiini chake kinabaki na upana wa kama kutoka hapa Kibaha hadi Kisarawe, na usumaku wake wa zamani unabanwa humohumo.

Kesho yake niliingia darasani nikaanza mada nyingine. Mimi nimwombe radhi mtoto mbele ya darasa zima? Thubutu!

Hakunyoosha mkono tena. Kidato cha tatu kilipoanza, akaacha fizikia. Nikajiambia atakuwa amependa historia. Uongo mtupu, na nilijua ni uongo.

Mwezi uliopita, akiwa ameshamaliza kidato cha nne na kurudi kwao, nafsi ilinisuta mpaka nikafunga safari ya Kibuta. Mama yake alikuwa uani anamenya muhogo. Akanipa kiti, akamwita binti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Siku ile ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, na nilijua jioni ileile nikanyamaza. Nisamehe."

Mama akaacha kumenya. Nikachukua kijiti, nikachora nyutroni mchangani, nikamweleza yote kama nilivyoyasoma. Kuna mahali mimi mwenyewe bado sijapaelewa: kwa nini nyota nyingine za aina hiyo zina usumaku mkali kupita zingine. Nikapaacha wazi makusudi, nikiomba Mungu binti apaone. Aulize. Hata anibishie, anikosoe mbele ya mama yake, ningefurahi.

Alitazama mchoro.

"Nimekusamehe, mwalimu. Yalishapita."

"Una swali?"

Mikono yake ilikuwa nyuma.

"Hapana, mwalimu."